Si Kila Gurudumu ni la Ndege ya Mjerumani

Kusini mwa Tanzania, chuma kizee kikifukuliwa shambani huwa ni cha Mjerumani. Kipande cha reli kilichopinda, sanduku lenye kutu, bawaba ya mlango, hata jembe la trekta lililoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza: vyote hupewa baba mmoja. Imani hiyo haikuzuka hivihivi. Watu wamesikia kwa babu zao habari za rupia na dhahabu zilizofukiwa wakati wa vita, na wapo hadi leo wanaochimba chini ya mibuyu na nyuma ya maboma ya zamani wakizitafuta. Basi likitokea gurudumu la ajabu, jepesi kuliko linavyoonekana, lisilofanana na la gari wala la mkokoteni, jina lake huwa tayari hata kabla halijafutwa vumbi.

Nililiona moja la namna hiyo Gerezani, Dar es Salaam, katika kibanda cha muuza vyuma chakavu, limeegemezwa kwenye rundo la majiko mabovu na vipande vya injini. Bei iliyotajwa ilizidi mbali bei ya alumini kwa kilo. Kilichoipandisha ni hadithi yake.

"Kaka, hii siyo skrepa," muuzaji aliniambia. "Hii ni ya ndege ya Mjerumani, ilianguka huko Kusini vita ya kwanza."

Nilirudi nikiwa na mzee mmoja, fundi mstaafu wa ndege, mtu ambaye mikono yake imefungua na kufunga magurudumu maisha yake yote ya kazi. Muuzaji alimwamkia, akampa kigoda, kisha kwa nia njema akachukua brashi ya waya aanze kuling'arisha gurudumu.

"Hiyo weka mbali, mwanangu," mzee alisema. "Chukua mswaki wa zamani na maji ya sabuni."

Amri hiyo ndogo ina uzito kuliko vipimo vyote vilivyofuata. Namba zinazolitambulisha gurudumu la ndege mara nyingi zimegongwa juujuu tu kwenye chuma laini, na brashi ya waya huzifuta ndani ya dakika moja. Nimeshasikia habari za watu waliopaka rangi, waliopiga msasa, waliokata kipande "kuona ndani ni chuma gani". Wote hao walitaka kujua, na wote waliharibu palepale penye jibu.

Lakini kabla ya mswaki kuna historia, ambayo mara nyingi hujibu nusu ya swali kabla tepu haijatolewa mfukoni. Ndege ya Mjerumani, ipi? Vita vilipoanza Agosti 1914, Afrika Mashariki ya Kijerumani haikuwa na kikosi cha anga. Iliyokuwapo ni ndege ya rubani Bruno Büchner, aliyefika Dar es Salaam mwaka huohuo kwa maonyesho ya kuruka, nayo haikudumu vitani. Ndege ambazo wenyeji wa Rufiji na Mafia waliziona zikipita juu ya mikoko zilikuwa za Mwingereza.

Zilikuja kwa sababu ya meli moja. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, mahali ambapo mtu aliye baharini haoni kitu ila miti. Waingereza wakalazimika kuitafuta kutoka juu. Kwanza walileta ndege za kutua majini, wakizirusha kutoka kisiwa kidogo cha Niororo, na joto la pwani likazisumbua vibaya. Walipoiteka Mafia, Januari 1915, wakasafisha uwanja kisiwani na kuleta ndege za magurudumu, Caudron na Henri Farman. Tarehe 11 Julai 1915, rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu ya delta wakiwaelekeza kwa redio wapiga mizinga wa meli Severn na Mersey. Ndege yao ikapigwa. Huku wakishuka bila injini, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha mpaka wakaangukia mtoni, na wote wawili wakatoka hai. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa Königsberg. Mwanzoni mwa 1916 kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichojazwa watu wa Afrika Kusini, kikapiga kambi Mbuyuni karibu na Taveta, kikiwa na ndege za BE2c na Henri Farman, kikalifuata jeshi lililokuwa likishuka kuingia koloni la Wajerumani.

Maana yake ni kwamba mtu anayeshika gurudumu la ndege ya vita vile, hapa kwetu, kuna uwezekano mkubwa kabisa anashika la Mwingereza. La Mjerumani lingekuwa kitu kingine. Mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa baada ya meli kulipuliwa na mabaharia wake, ikatengenezewa magari ya kuivuta kwenye karakana ya reli Dar es Salaam, na ikaburuzwa porini kwa nguvu za watu wetu kwa sehemu kubwa ya vita. Mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Gurudumu zito la chuma la miaka ile, lililopatikana Rufiji au Mahenge, lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa la mzinga au la gari la mizigo kuliko la kitu kilichoruka.

Na gurudumu la ndege la 1915 lilikuwa na sura gani hasa? Lilikuwa la spoku. Rimu nyembamba ya chuma, spoku nyingi za waya, na habu ndefu iliyotokeza pande zote mbili kiasi kwamba spoku zinalala kama paa la msonge. Ndani ya habu hakuna beringi za gololi. Kuna bushi tupu inayozunguka juu ya ekseli, ikizuiwa isichomoke kwa kola na pini. Hakuna breki, kwa kuwa ndege zile zilisimama kwa kuburuza kipande cha mti chini ya mkia. Hakuna springi ya chuma. Ekseli ilifungwa kwenye miguu ya ndege kwa kamba za mpira zilizosokotwa. Spoku zenyewe zilifunikwa kwa kitambaa pande zote mbili ili zisizuie upepo, na kitambaa kilikuwa na tundu la kupitishia pampu. Ukubwa uliandikwa kwenye mpira kwa milimita, kwa mfano 700 kwa 75, au 700 kwa 100: namba ya kwanza ni kimo cha gurudumu zima, ya pili ni unene wa tairi. Jina la Palmer, kampuni ya Uingereza, lilikuwa la kawaida kwenye tairi hizo.

Mtu asiyejua ataliita gurudumu la pikipiki kuukuu, na si ajabu yamekwisha kuuzwa kwa jina hilo. Tofauti iko kwenye habu. La pikipiki la nyuma lina mahali pa kufungia mnyororo. La ndege halina, na habu yake ni pana mno kuingia kwenye uma wa pikipiki.

Gurudumu la Gerezani halikuwa na spoku hata moja. Lilikuwa vipande viwili vya chuma cha kijivu cha kumimina, vimekutanishwa katikati kwa bolti tatu ndefu, rimu yake ndogo kiasi cha inchi 6, na kwenye mikunjo yote umejaa unga mweupe unaofanana na chokaa. Hadithi ya vita vya kwanza ilikufa hapo, kabla hatujasoma herufi yoyote. Mzee hakumwambia muuzaji. Alimwacha aendelee kushika mswaki.

Swali la pili ni gumu zaidi ya la kwanza: je, ni la ndege kweli? Vitu vingi vinajifanya hivyo. Toroli za mizigo za viwanja vya ndege, trela za mashamba, mashine za kunyunyizia dawa, vitanda vya kubebea mashine viwandani, vyote vina magurudumu madogo na imara. Mzee aliliinua, akaanza na sehemu ya katikati. Gurudumu la gari huzungushwa na injini, kwa hiyo lina matundu manne, matano au sita ya kulibana kwa nati kwenye habu, na kila tundu limechongwa mdomo ili nati ikae. Gurudumu la ndege halizungushwi na injini. Linazungushwa na ardhi tu, ndege inapogusa njia. Kwa hiyo halina matundu ya nati. Lina nafasi mbili kubwa za beringi, moja kila upande, nalo huzunguka juu ya ekseli isiyozunguka. Trela nazo ziko hivyo, ni kweli, ila trela mara nyingi hujengwa kwa chuma kizito na cha bei nafuu, na mtengenezaji wake hana sababu ya kuhesabu kila gramu.

Hapo ndipo sumaku inapoingia. Ikishika, ni chuma cha kawaida, na uwezekano wa ndege unapungua. Isiposhika, tunazungumzia alumini au magnesi. Kwa mwenye subira kuna njia ya ndoo: pima kitu kwenye mizani kikiwa kikavu, kisha kipime kikining'inia kimezama majini, halafu gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo viwili. Ukipata karibu 2.7 ni alumini. Ukipata karibu 1.8 ni magnesi. Chuma hukupa zaidi ya 7. Kwa asiye na mizani kuna siki ya jikoni. Mzee alikwangua alama ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, sehemu ya ndani isiyo na maandishi, akadondosha tone moja. Likachemka papo hapo, mapovu meupe yakapanda. Alumini haifanyi hivyo.

Hapa naomba mafundi wa sufuria wanisikilize. Gerezani, Gikomba kule Nairobi na kwingineko kuna vijana hodari wanaoyeyusha alumini chakavu kwenye tanuru za mkaa na kumimina vyungu vya kupikia vinavyolisha nusu ya mji. Gurudumu la magnesi likiingia kwenye tanuru kwa kudhaniwa kuwa alumini, linaweza kushika moto mweupe wa kupofusha macho, na mtu akikimbilia ndoo ya maji anauongeza, kwa sababu magnesi inayowaka huvunja maji na kutoa gesi ya haidrojeni. Moto wa namna hiyo hufunikwa kwa mchanga mkavu, watu wakarudi nyuma. Tone la siki kabla ya tanuru halina gharama yoyote. Ningependa kuona kila kibanda cha vyuma chakavu kina chupa yake.

Hatari ya pili iko kwenye bolti zile zinazounganisha vipande viwili. Kama tairi bado ina upepo, bolti hizo ndizo zinazouzuia. Mtu akizilegeza bila kwanza kutoa upepo wote kwenye valvu, vipande viwili hurushana kwa nguvu ya kuua. Gurudumu la ndege kubwa hujazwa upepo mara kadhaa ya tairi la gari, na likikaa miaka ghalani huwezi kujua kwa macho kama limekwisha. Ndege za jeti zina hata plagi ndogo kwenye rimu zilizotengenezwa ziyeyuke breki zikipata joto kali, ili tairi ipungue upepo taratibu badala ya kupasuka. Ukiona matundu madogo yaliyozibwa kwa plagi za namna hiyo, umeshika gurudumu la ndege kubwa, na la zama za karibu.

Tairi nayo husema, ikiwapo. Tairi ya ndege kwa kawaida ina mifereji ya mzunguko tu, inayofuatana mviringo bila vile vipande vya kukamata tope, kwa kuwa haihitaji kusukuma ndege mbele. Baadhi ya magurudumu ya mkia yana matuta mawili pembeni na bonde katikati, ili mkia usitikisike ndege ikikimbia. Kuna tone la rangi nyekundu lionyeshalo upande mwepesi. Na kuna alama ninayoipenda kuliko zote: mstari mfupi wa rangi uliopakwa kwa mkono kuanzia tairi kuingia kwenye rimu. Fundi huupaka ili siku ya pili aone kama tairi imeteleza ndege ilipotua kwa nguvu. Nusu mbili za mstari zikiachana, gurudumu hufunguliwa. Mstari huo ukiuona, umeona kazi ya mtu fulani asubuhi fulani, akiwa amepiga magoti kwenye uwanja wa ndege.

Herufi za Gerezani zilijitokeza baada ya sabuni ya tatu. Ziko za aina mbili, na kuzichanganya kunapoteza watu wengi. Zilizotuna juu zilimiminwa pamoja na chuma. Hizo ni za kalibu, na kalibu moja inaweza kutoa vipande vya magurudumu ya aina kadhaa. Zilizogongwa kuingia ndani ndizo namba za kitu chenyewe na mihuri ya wakaguzi. Kwenye magurudumu ya Uingereza ya zamani muhuri wa mkaguzi huwa na taji dogo au herufi AID, za idara iliyokagua vifaa vya ndege. Kwenye letu, zilizotuna zilisomeka 6.00-6, na zilizogongwa, hafifu lakini kamili, TSO-C26.

Mzee alicheka kwa furaha. Namba ya kwanza ni ukubwa kwa inchi: tairi ya upana wa inchi 6 kwenye rimu ya inchi 6. Hilo ni gurudumu kuu la ndege ndogo za injini moja kama Cessna 172, Cessna 206 na Piper Cherokee. Ya pili ni alama ya viwango vya Marekani kwa magurudumu na breki za ndege za kiraia, viwango vilivyoanza baada ya Vita Kuu ya Pili. Gurudumu lenye TSO-C26 haliwezi kuwa limeanguka Rufiji mwaka 1915, wala halikutoka katika ndege yoyote ya Hitler.

Muuzaji alinyong'onyea, na namwelewa. Lakini mimi nililiona limepanda thamani. Ndege za ukubwa ule ndizo zilizotua kwenye viwanja vya nyasi ambako gari lilichukua siku tatu kufika. Shirika la madaktari wanaoruka la Afrika Mashariki, ambalo leo tunalijua kama AMREF, lilianzishwa mwaka 1957, na kazi yake ilisimama juu ya magurudumu ya aina hii. Wamisionari walisafiri nayo, maofisa wa wanyamapori walihesabu tembo nayo. Kuna vitabu kwa vitabu juu ya Königsberg. Wangapi wameandika juu ya daktari aliyeshuka kutoka ndege ya injini moja kwenye kijiji kisicho na barabara, na juu ya vijana waliofukuza ng'ombe kwenye njia ili atue?

Historia ya anga yetu imejaa vyuma vya amani vinavyosubiri majina yao. Wilson Airways ilianza Nairobi mwaka 1929, ikianzishwa na mwanamke, Florence Kerr Wilson, na uwanja wa Wilson una jina lake hadi leo. Mwaka 1937 ndege kubwa za kutua majini za Imperial Airways zilianza kupita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Hizo hazikuwa na magurudumu ya kutulia, ila zilifungwa magurudumu ya muda popote zilipovutwa nchi kavu kwa matengenezo. Kwa hiyo gurudumu zito lililopatikana ufukweni si lazima liwe la gari. East African Airways ilianza mwaka 1946 na ndege sita za mbao na kitambaa, Dragon Rapide, ikaja kumiliki DC-3, Comet na VC10 kabla ya kuvunjika mwaka 1977. Gurudumu la DC-3 halifichiki: tairi yake ni 17.00-16, na likisimama linamfika mtu mzima kifuani au karibu. Kenya ya kati ina lake zito zaidi: ndege za mafunzo aina ya Harvard, zilizogeuzwa za kudondosha mabomu, ziliruka kutoka Mweiga karibu na Nyeri kushambulia misitu ya Aberdare wakati wa Mau Mau. Anayeokota gurudumu huko ameokota ushahidi.

Yapo pia ambayo hayapaswi kuokotwa. Tarehe 18 Mei 1955 DC-3 ya East African Airways, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro na watu wote 20 wakafa. Mabaki ya ajali kama ile ni kaburi la watu, na kitu cha pale kipigwe picha kikiwa palepale.

Sheria yetu ya Tanzania haitoi msaada mkubwa kwa haya mengine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Ndege ya kwanza ya injini iliruka mwaka 1903. Kwa tarehe hizo, gurudumu lililobeba Henri Farman pale Mafia ni chuma chakavu tu, lisipotangazwa vinginevyo, na mwenye tanuru akilinunua hajavunja sheria. Mlango umepewa mpaka wake wa mwaka 1940. Sioni kwa nini vifaa vya usafiri na vita vya kabla ya uhuru visipewe mpaka wao.

Pale Gerezani, muuzaji alimpigia simu dereva aliyeleta mzigo. Lori lilikuwa limepakia Nachingwea. Mzee akamwambia aandike neno hilo kwenye karatasi, aitie kwenye mfuko wa nailoni na kuifunga kwenye bolti kwa waya, kwa kuwa gurudumu likishahama bila jina la lilikotoka, hata fundi bora duniani atakuambia aina ya ndege tu, na hataweza kukuambia habari za ndege hiyo.

Kwa walio Mafia, hasa wenye nyumba za zamani karibu na Kilindoni, nina ombi mahususi. Angalieni ghalani, kwenye mabanda ya mbuzi, juu ya visima. Kama kuna gurudumu la spoku lenye kimo cha karibu milimita 700 pamoja na tairi, habu ndefu pande zote mbili, bushi tupu ndani, hakuna pa kufungia mnyororo na hakuna pa breki, msilisugue wala kulipaka mafuta. Lipigeni picha jua la asubuhi likipiga kwa ubavu, ndipo herufi hutoa kivuli na kusomeka. Pimeni upana wa habu na hesabuni spoku. Andikeni ni nani alilileta nyumbani na kutoka wapi. Kisha wasilianeni na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kabla lori la vyuma chakavu halijashuka kwenye boti.